Landrova ya babu haifufuliwi kwa puti na rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu Landrova za zamani, hasa zile 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) za Series III zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Wengi wamezirithi kutoka kwa baba na babu zao, na sasa zimelala nyuma ya nyumba, matairi yameisha upepo, kuku wanataga ndani. Siku familia ikiamua kuifufua, pesa ya kwanza hukimbilia rangi. Gari linapigwa puti, linapuliziwa kijani, watu wanapiga picha. Masika mawili hayapiti linarudi gereji chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, imekatika, na fundi analazimika kuichoma moto ile rangi mpya ili achomelee. Rangi ni kazi ya mwisho kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Wengi wanaamini Landrova haili kutu kwa sababu bodi yake ni alumini. Ni kweli bodi ni alumini: gari hili lilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi. Lakini chesisi ni chuma, fremu za milango ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na dereva, unaobeba usukani, pedali na bawaba za milango, nao ni chuma. Tena pale alumini inapogusana na chuma na unyevu ukaingia katikati, alumini ndiyo huliwa, ikageuka unga mweupe. Ukiona rangi imevimba kando ya riveti, chini yake kuna unga huo.

Chesisi ni boksi lenye uwazi ndani, limeundwa kwa mabati mazito ya takriban milimita 2. Tope huingia kwenye matundu, likakaa humo na maji yake, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kwenda nje. Kwa nje unaona chuma kizima. Kwa hiyo usiikague kwa macho. Ingia chini na nyundo ndogo, anza boriti ya nyuma, uje nayo kidogo kidogo hadi mbele. Chuma kizima kinalia; kilichooza kina sauti bubu na nyundo inazama. Pakikutia shaka, sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu. Ikipenya, hapo ni pa kukata. Sehemu zinazooza kwanza ni boriti ya nyuma yenyewe, mikono ya pembeni inayobeba bodi, sehemu zinaposhikia springi, na upande wa juu wa chesisi juu ya ekseli ya nyuma, ambapo tope hujikusanya na hakuna anayepachungulia. Kisha ondoa mikeka ya mbele uchome bisibisi mahali miguu inapokaa.

Kata mpaka ufikie chuma kizima, hata kama tundu la sentimita 5 litakuwa la sentimita 20. Kiraka kikichomelewa juu ya chuma kilichooza, moto unakitoboa papo hapo, na kisipotoboka kitaachia barabarani. Tumia bati la milimita 2 au 3, lichomelewe kuzunguka lote, lisishikwe kwa nukta nukta. Choma vipande vifupi vya kama sentimita 3, uhame upande wa pili, ili joto lisilivute. Kabla ya kukata chochote, weka stendi imara sehemu kadhaa chini ya chesisi, upime mshazari kutoka tundu la springi la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vinatakiwa kulingana. Mkono mmoja wa pembeni ubadilishwe na kumalizika kabla ya kugusa mwingine, milango ikiwa imefungwa, uone kama nafasi zake zimebadilika. Ukiikata yote kwa pamoja bodi inalala, na milango haitafunga tena.

Tangi la petroli litoke kabla ya kuwasha moto wowote. Nasisitiza: tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Vua betri, na uchomoe nyaya za altaneta, ile inayochaji betri. Umeme wa kuchomelea unaua daiodi zake kwa sekunde.

Kuna kosa moja ambalo halina dawa ya spana. Namba ya chesisi ya Series III imegongwa kwenye mkono wa springi ya mbele, upande wa kulia. Fundi asiyejua hupitisha grainda hapo akisafisha kutu, na namba inafutika. Kuanzia siku hiyo una gari lisilo na namba, na mbele ya polisi ni vigumu kulitofautisha na la wizi. Isafishe kwa brashi laini na mafuta ya taa, ipige picha, uilinganishe na kadi ya gari kabla ya kununua hata nati moja. Na kama kadi bado ina jina la marehemu, familia ianze Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi, ndipo waende TRA (Mamlaka ya Mapato) kubadilisha umiliki. Nimeona niliseme hili kwa sababu ndugu hugombana zaidi gari likishapendeza kuliko likiwa limeoza.

Baada ya chesisi njoo kwenye springi. Bushi za springi zina bomba la chuma lililobanwa ndani ya chesisi, na kutu hulishikamanisha na tundu lake. Ukiligonga kwa nyundo kubwa utapasua chesisi uliyotoka kuchomelea. Choma mpira utoke, kisha pitisha msumeno wa chuma ndani ya lile bomba, ulikate kwa urefu taratibu mpaka ukaribie chesisi bila kuigusa. Litajikunja lenyewe na kutoka. Unapofunga bushi mpya, bolti zake zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Lishushe, likae na uzito wake, ndipo ukaze. Mpira uliokazwa springi ikiwa inaning'inia hujisokota gari likishuka, na miezi michache tu umechanika. Watu husema bushi za siku hizi ni feki, kumbe zimefungwa vibaya.

Breki zisijaribiwe kabla ya kufunguliwa. Gari lililolala miaka mingi lina silinda za tairi zilizogandishwa na kutu, na paipu za mpira zilizovimba kwa ndani. Paipu kama hiyo hupitisha mafuta ukikanyaga, lakini hayarudi ukiachia, tairi ikabaki imeshikwa na ngoma ya breki ikapata moto. Badilisha paipu zote za mpira, na silinda za tairi zote kwa pamoja. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 tu. Akikutilia mtu oili ya injini au ya hydroliki kwa kuwa ndiyo iliyopo, kila mpira katika mfumo huo utavimba, kuanzia masta silinda hadi tairi ya mwisho, na itabidi uanze upya.

Sasa injini, ile ya petroli ya cc 2286. Usiweke betri mpya ukapiga starta. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na silinda, starta inaweza kuzivunja. Toa plagi zote 4, mimina kijiko kikubwa cha mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki, nusu kwa nusu, katika kila silinda, uache siku kadhaa. Kisha zungusha kwa hendeli ya mbele, taratibu, kwenda na kurudi. Ikikataa ongeza mchanganyiko, usiongeze nguvu. Ikikubali, fungua mfuniko wa roka uhakikishe valvu zote 8 zinapanda na kushuka, kwa kuwa moja iliyoganda itapinda pushrodi, ile fimbo inayoisukuma. Mwaga oili ya zamani na uweke mpya, lita 6 na karibu lita moja zaidi kwa ajili ya filta. Izungushe kwa starta plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izime. Nafasi ya valvu zote ni inchi 0.010, za kuingiza na za kutoa. Nafasi ya pointi za distribyuta ni inchi 0.014 hadi 0.016, na silinda hupokea moto kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Ikiwaka lakini inatoa moshi mweusi, inanywa petroli kupita kiasi na sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) haitulii, kagua kabureta ya Zenith kabla ya kulaumu injini. Vipande vyake viwili vinapokutana huwa vinapinda, na kiringi cha mpira kilichomo katikati hukauka, hivyo petroli inapita pasipostahili. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, usugue uso wa kile kipande kwa mzunguko mpaka pote pang'ae sawasawa, weka kiringi kipya. Kazi ya alasiri moja, na kabureta nyingi nzuri zimetupwa kwa kukosa alasiri hiyo.

Nyaya nazo, panya wakishazila, zisiungwe ungwe. Rangi zake zina utaratibu: kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni wa swichi, kijani ni wa swichi uliopita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi, yaani wa kurudi kwenye bodi. Fundi anayetumia waya mwekundu kila mahali anamwachia mwenzake fumbo.

Hapo ndipo rangi inapofika zamu yake. Alumini isisafishwe kwa kostiki soda, inalila bati lenyewe, wala isipigwe mchanga kwa mashine, inapinda. Msasa, kisha praima maalumu ya alumini, ile inayong'ata. Praima ya kawaida itabanduka kwa maganda. Riveti za chuma zisitumike badala ya za alumini. Chesisi ipate praima ya zinki na rangi nzito, na ndani ya boksi ipuliziwe nta kupitia matundu yake, huku vitundu vya kutolea maji vikiachwa wazi. Ile desturi ya kupaka oili chafu naielewa, ni rahisi na inazuia kutu kiasi, lakini inaozesha bushi za mpira na inashika vumbi. Kwa gari la Tanga au Bagamoyo, lenye chumvi ya bahari, nta irudiwe kila mwaka kabla ya masika, na sehemu ya chini ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya kupita ufukweni.

Likishatembea kilomita 500 za kwanza, kaza tena yu-bolti za springi na nati za tairi, badilisha oili, na upite tena chini ukikagua kila mshono uliochomelewa.

Fundi wa Landrova,
Arusha