Kabla ya kupanda mikoko Mwache, pimeni tope

Mhariri,

Kila mafuriko yakipita, gazeti huleta picha za wakubwa wakichomeka mikoko kwenye hori za Mombasa. Ni nadra kuuliza ile ya awali ilikufa kwa nini.

Kwenye hori ya Mwache, hapa Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998, kisha za 2006, zilishusha udongo kutoka bara na miti mingi ikakauka ikiwa imesimama, bila kuguswa na shoka. Tope la pwani halina hewa. Kwa hiyo mkoko hasa (jina hilo pia huitwa miti yote ya tope la pwani) huvuta pumzi kwa vitundu vya mizizi yake iliyopinda juu ya tope, na mchu, aina nyingine ya miti hiyo, kwa vijiti vinavyochomoza chini yake, ambavyo kwa kawaida havifiki shubiri. Udongo ukitua kidogo kidogo, mizizi hukua ikaupita. Ukimwagika kwa wiki chache, mti hukosa pumzi. Na upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko kawaida na ule wa Indonesia ukapoa, vuli hugeuka gharika kama hizo.

Mchu ukikatwa huchipua kisikini. Mkoko mkubwa hauna bahati hiyo. Pakibaki wazi, jua hukausha maji, chumvi hupanda, na mbegu zinazoletwa na maji huungua.

Basi kwanza chimbeni mtafute mizizi ya zamani iko chini kiasi gani. Kama ardhi imeinuka hata maji huifikia wakati wa bamvua tu (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), mkoko hautashika hapo. Wekeni mchu au mkandaa, aina ya tatu, na mzibue vijito vilivyojaa mchanga. Panapofunikwa na maji ya kila siku ndipo pa mkoko. Chagueni mbegu iliyokomaa, yenye pete ya manjano karibu na kichwa, mkaidunge theluthi moja tu, ncha chini (naam, wapo wanaoipindua), hatua moja baina ya mbegu na mbegu. Msishuke kwenye tope tupu linaloonekana maji yakipwa sana, ingawa ndiko kunakopendeza kwa picha: huko mche huzama muda mrefu mno.

Hata hivyo, tope linatoka juu. Bila matuta kwenye mashamba ya miteremko ya Kinango na miti kingoni mwa Mto Mwache, vuli nyingine nzito itafukia na hiyo mipya. Fedha za miche zianzie huko.

Mdau wa misitu,
Mombasa