Kwa Somo: Lindi kwa Baiskeli, na Ile Unayoiita Kawaida

Mikindani, Mtwara
Julai

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Sote wazima, watoto wamefunga shule, na mama anakusalimu sana, bado anakuulizia kila akiona basi la bara linapita. Barua yako niliisoma barazani, nikairudia, halafu nikampa baba watoto naye aisome. Msafara wenu wa baiskeli umeueleza vizuri mno: mlivyojipanga, nani alichoka, mlikula nini, vumbi lilivyowapaka. Nimefurahi kama niliyekuwepo.

Ila katika kurasa zote hizo kuna sentensi moja umeipitia mbio: "Kazini naenda kwa baiskeli kama kawaida." Basi. Hukusema unapita wapi, unakutana na nani, mvua ikinyesha unafanyaje. Somo, mimi naitaka hiyo kawaida. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nilipe deni langu, maana uliniuliza habari za safari yetu ya Lindi.

Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2018. Mwaka huu iliangukia siku ya kazi, tukaiacha ipite, tukaondoka Jumamosi iliyofuata. Hatukuwa na mdhamini wala fulana za sare. Tulikuwa walimu, vijana wa bandarini, fundi seremala, mzee mmoja mstaafu na Phoenix yake nyeusi anayoifuta kila jioni, na wachuuzi wawili wa samaki waliosema wanataka angalau mara moja kuendesha baiskeli isiyo na tenga nyuma. Kutoka Mtwara mjini hadi Lindi ni kilomita mia na kidogo, lami tupu. Wenzetu wa mjini waliondoka baada ya swala ya alfajiri, sisi wa Mikindani tukawasubiri pale ghubani, tukaanza kupanda mlima pamoja.

Watu wengi waliuliza kwa nini twende Lindi na si kutoka Lindi. Jibu ni upepo. Juni kusi imeshashika, inavuma kutoka kusini-mashariki, na Lindi kwetu iko kaskazini-magharibi. Ukienda, upepo unakusukuma mgongoni. Ukirudi, unakula nao kifua kwa kifua siku nzima. Kwa hiyo tulikwenda kwa pedeli, tukarudi kwa gari, baiskeli zimefungwa juu. Ukipanga kuja wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, geuza safari: anzia Lindi.

Jambo lililonitisha kabla ya kuondoka ni malori. Njia ile ina malori ya saruji yanayotoka na ya makaa ya mawe yanayokuja bandarini, na lori lililojaa likikupita karibu, hewa yake kwanza inakuvuta, kisha inakusukuma pembeni. Tukakubaliana kwenda mstari mmoja. Wa mbele akiona shimo ananyoosha mkono chini, wa nyuma yake anafanya hivyo hivyo, mpaka wa mwisho. Na wa mwisho akisikia lori anaita "Nyuma!", neno linapokelewa mtu kwa mtu hadi mbele. Baada ya saa moja hatukuhitaji tena kukumbushana. Sijawahi kuwa katika kundi la watu wanaotunzana vile, wengine hata majina yao nilikuwa siyajui.

Tulipumzika Mpapura, tukanywa chai kwa mihogo, na mama mmoja akatuuzia ming'oko ya moto, vile viazi vya porini vya huku kusini. (Wewe hukuwahi kuipenda. Mimi nilikula na fungu lako.) Hapo ndipo kijana mmoja alipogundua tairi lake la nyuma linayumba. Spoki ilikuwa imekatika, upande wa mnyororo. Huko ndiko zinakokatika mara nyingi, kwa sababu spoki za upande ule zimekazwa zaidi ili rimu ikae katikati na kupisha friwili, yale meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo. Na ubaya wake, kubadilisha spoki ya upande huo lazima ufungue friwili, na kufungua friwili kunataka kifaa chake, ambacho hakuna aliyekuwa nacho. Baiskeli yenyewe ni ya gia, mtumba wa kutoka nje, inapendeza kuiangalia. Kijana alianza kuuliza bei ya bodaboda.

Mmoja wa wale wachuuzi akamwambia akae chini. Aliizungusha spoki iliyokatika kwenye jirani yake ili isigonge mnyororo, akatoa kispana kidogo mfukoni, akalegeza kidogo spoki mbili zilizo ubavuni, akazungusha tairi, akatazama, akalegeza tena. Rimu ikanyooka kiasi cha kupita kati ya breki bila kuzigusa. Kazi ya dakika chache. Kijana akafika Lindi kwa tairi lile lile.

Kilichobaki kilikuwa jua na miguu. Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi, tulikunywa madafu na wawili wakalala kivulini kabisa. Tulipopita Ngongo kila mtu alishanyamaza. Tukaingia Lindi mchana, tukateremka hadi ufukweni, tukakaa tukiangalia Kitunda ng'ambo ya maji. Mzee wa Phoenix alifika na wa kwanza, hakuachwa hata kilima kimoja.

Basi hiyo ndiyo safari yetu, na nimeshaisimulia hapa mtaani, sokoni, msibani, kila mahali. Watu wanapenda kuisikia. Lakini kila nikifika pale kwenye spoki najiuliza: yule mchuuzi alijifunza wapi? Hakujifunza katika msafara. Alijifunza katika siku ambazo hakuna aliyemuuliza habari zake.

Nikamwendea. Nikamwomba anieleze siku yake kama alivyoeleza Lindi, na mwanzo alicheka, akasema, "Mwalimu, ile si safari, ile kazi." Alipoanza, tulikaa mpaka chai ikapoa.

Anakuwa ufukweni kabla jua halijatoka, anangoja ngalawa. Anajua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yanaposogea kidogo tu, kuliko mimi ninavyoijua ratiba ya vipindi, maana kwa hizo anajua samaki watakuja kwa wingi au la. Akishapata mzigo anaupanga kwenye tenga, anafunika kwa gunia lililoloweshwa maji, anafunga kwa mpira wa tyubu iliyokatwa. Kamba inalegea njiani, mpira haulegei. Kisha Mangamba, Naliendele, na vijiji vya mbele yake. Tangu anapofunga mpira, saa inamfukuza, samaki hasubiri. Ndani ya tairi lake la nyuma ameweka tairi kuukuu lililokatwa kingo, tyubu iko katikati, miiba ya njia za mikorosho haifiki. Baiskeli inakuwa nzito, lakini anasema afadhali uzito anaoujua kuliko pancha asiyoijua. Anatembea na fimbo yenye panda. Akisimama kwa mteja anaitegemeza baiskeli nayo chini ya kiti, kwa sababu stendi ya dukani haibebi tenga lililojaa. Na hasimami kwenye mwinuko, hata mteja aite vipi. Anapanda mpaka juu, anaegesha, anarudi kwa miguu na samaki mkononi.

Somo, niambie katika hayo lipi halifai kuandikwa. Mimi nimeendesha baiskeli miaka mingi na sikuyajua hata nusu.

Ndipo nikawapa watoto wa darasa la sita insha: safari ya baiskeli ya mtu wa nyumbani kwao. Sikutaka mashindano wala sherehe, nilitaka safari ya siku yoyote. Nilizisoma usiku kucha. Mmoja ameandika babu yake anavyovuka na kivuko cha Msangamkuu, nazi zimefungwa pande mbili, na anavyokaa karibu na mlango ili atoke wa kwanza kabla pikipiki hazijaziba njia. Mwingine kaka yake anachota maji kwa madumu manne, na akaeleza kwamba ya chini yafungwe kwanza na yajae pomoni, maana dumu lililopungua maji yanachezacheza na kumwangusha mtu. Msichana mmoja ameandika usiku baba yake alivyompeleka mama hospitali ya Ligula kujifungua, mama amekaa kwenye keria juu ya mto wa kitanda, baba hapandi, anasukuma tu, na shangazi mbele na tochi. Aliyezaliwa usiku ule ni yeye mwenyewe. Alihadithiwa na baba yake siku ile aliyomwambia ana kazi ya shule. Kabla ya hapo alikuwa haijui kabisa habari hiyo. Hiyo nimeiweka ndani ya Kurani yangu ili isipotee.

Sisemi misafara haina maana. Ule wa Twende Butiama ulipoanza 2019, watu kutoka Dar es Salaam hadi alikozaliwa Mwalimu Nyerere, nilitamani sana, na bado natamani. Septemba 2025 Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, mara ya kwanza kabisa Afrika, tulijazana kwa jirani mwenye king'amuzi. Vijana hapa wanamjua Biniam Girmay, yule Mueritrea aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuirudisha nyumbani jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi. Ila huyo ametoka Asmara, mji ambao watu wake wanaendea sokoni na kazini kwa baiskeli tangu enzi za Waitaliano. Kabla ya jezi kulikuwa na hizo safari zisizo na mshangiliaji, na mimi naona ni haki nazo zitajwe.

Yangu ya kila siku ni hii, ili usiseme nadai bila kutoa. Kutoka hapa hadi shuleni mjini ni kama kilomita kumi, sehemu kubwa kando ya maji. Baiskeli yangu ni ile ya kike, isiyo na bomba la juu, na tairi la nyuma nimelisukia wavu wa uzi pande zote mbili, kuanzia kwenye madigadi hadi karibu na ekseli. Baibui halinaswi. Uzi wa kushonea nyavu za samaki ndio unaofaa, wa dukani unaoza. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa harufu ya mikoko inakuja mpaka barabarani, na akina mama wa kuokota chaza wanaonekana kwa mbali wameinama. Tunasalimiana kwa kengele. Chumvi ndiyo adui yangu: hewa hii inakula mnyororo. Kila Ijumaa naufuta kwa kitambaa, naupaka mafuta ya cherehani tone tone, nafuta tena yaliyozidi. Usikubali fundi akupake oili chafu ya gari, inabeba mchanga na kusaga meno ya gia. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua ni yetu, na nguo ya kubadilisha iko ndani ya mfuko wa nailoni kwenye kabati la ofisini. Zamani nilikuwa peke yangu mwanamke kwenye njia ile asubuhi. Sasa tuko wengine, na wasichana wa shule wananiuliza jioni kama nitawafundisha kusuka wavu.

Sasa zamu yako. Nieleze ule udongo mweusi wa mbuga huko Shinyanga: mvua zikianza unanata kwenye tairi mpaka unaziba madigadi, je, mnazitoa madigadi kabisa au mnabeba kijiti cha kukwangulia? Nieleze unapita njia gani, na ile njia ya mkato uliyowahi kuitaja, kama bado ng'ombe wanaifunga saa za kwenda lamboni. Nani anakuzibia pancha na anakutoza shilingi ngapi? Na yule jirani yako anayepeleka mkaa, mwulize anavyoanza kuondoka na gunia mbili nyuma; mchuuzi wangu anasema mkaa ni mgumu kuliko samaki kwa sababu mzigo unakaa juu, na anataka kusikia kutoka kwa mwenye kazi. Nitamsomea barua yako, nimeshamwahidi.

Ukipata likizo Oktoba, njoo. Korosho zitakuwa zinaangushwa, mabibo yananukia kila shamba, na nitakupeleka Msimbati. Njia ya kule ina mchanga, tutatoa upepo kidogo kwenye matairi, na tutapanga siku za bamvua ili maji yakipwa tuendeshe ufukweni penye mchanga mgumu. Niambie mapema kama unakuja na baiskeli yako ndani ya basi. Kama huji nayo, fundi wa hapa anayo moja ya kuazimisha, nzima, ila breki ya mbele anangojea nyaya kutoka Masasi, na anataka ajue mwezi mmoja kabla.

Baba watoto anakusalimu, na mama, na wanafunzi wangu wote.

Wako,
Somo yako wa Mikindani