Kikao kimehamia Jumamosi: tafadhali thibitisheni

Habari zenu wapendwa,

Kikao chetu cha kuwaunga mkono wafanyakazi walioko magerezani Marekani hakitakuwa Ijumaa tena. Ni Jumamosi, saa 1 usiku, kwa njia ya video. Kiungo nitakituma hapa nusu saa kabla.

1. Mchango wa stempu na simu ni dola 10, mwisho Alhamisi. Tusichelewe, kuna wenzetu ndani wanasubiri barua.

2. Tutajadili hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1977, iliyoruhusu magereza ya North Carolina kuwazuia wafungwa kufanya mikutano ya chama chao cha wafanyakazi na kushawishi wenzao wajiunge. Someni pia Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya 1865: yalipiga marufuku utumwa, yakaacha mwanya wa kumtumikisha aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Mstari ule huniuma kila nikiusoma.

3. Nahitaji watu wawili wa kuandika barua. Msitaje mipango ya mgomo, barua hukaguliwa na anayeadhibiwa ni aliye ndani.

Jibuni “Nipo” au “Sipo” kabla ya Jumatano jioni. Wa barua, ongezeni “Naandika”.

Asanteni sana.