Pudini ya chokoleti haingoji MC

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niongezee jambo kwenye mapishi mliyotoa hivi karibuni ya pudini ya chokoleti ya matabaka, ile inayopangwa pamoja na biskuti ndani ya vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani. Mapishi yenyewe sina ugomvi nayo. Maziwa, kokoa, konflawa, sukari, biskuti zilizopondwa, krimu juu, ndivyo nasi tunavyofanya. Ila mwishoni mmeandika "panga mezani wageni wajihudumie", mkaishia hapo. Maneno hayo yanamtosha mama aliyealika mashemeji wachache sebuleni kwake na friji iko mlango wa pili. Kwenye shughuli hayatoshi, na siku hizi pudini hii inapikwa kwa ajili ya shughuli kuliko kwa ajili ya nyumbani.

Mimi napika vitamu vya shughuli hapa Tanga: harusi, sendofu, kicheni pati, ubarikio, maulidi. Kaimati na vileja bado vinaagizwa, na faluda haijatoka kwenye meza za watu wa pwani, lakini bi harusi wa leo anakuja na picha kwenye simu. Anataka mstari wa chokoleti, mstari mweupe, mstari wa biskuti, kisha turudie, na juu kabisa kipande cha biskuti kimechomekwa kwenye krimu. Namwelewa. Tabaka likikaa sawasawa ni pambo tosha, na kila mgeni anachukua kikombe chake bila kungoja kukatiwa. Naipenda kazi hii, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tufuate saa za harusi zetu. Kadi imeandika saa 12 jioni. Mpambaji anataka meza ya vitamu ikamilike kabla mpiga picha hajaanza, kwa hiyo saa 11 vikombe viko mezani. Maharusi wanaingia saa 2 usiku, na mara nyingine saa 3. Kuna utambulisho wa pande mbili, kuna keki, kuna wazazi kulishwa keki, kuna shangazi ambao hawawezi kupita mbele bila kucheza, na katikati ya yote kuna MC anayeona ukumbi umechangamka akaongeza wimbo mmoja. Chakula kinafunguliwa saa 4. Mgeni anakula pilau kwanza, ndipo anaiendea pudini. Kufikia hapo imekaa nje ya friji muda wa saa 5 au zaidi, ndani ya ukumbi uliojaa watu, na ikiwa ni Februari Tanga hii joto la mchana limepita nyuzi 30 na kuta za ukumbi bado zina moto.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachohifadhiwa kwa baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vinapozaana. Pudini ni maziwa, wanga na sukari, hakuna ndimu wala siki ya kuilinda. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili hata kuchemshwa, na chakula kikipoa taratibu huamka na kuanza kuongezeka. Kuna mwingine, Staphylococcus, anayekaa puani na kwenye ngozi zetu wenyewe tulio wazima, akaingia kwenye kikombe kupitia vidole vinavyopanga biskuti. Sumu anayoiacha haiondoki kwa kupasha moto, na pudini haipashwi kamwe. Wala usitegemee pua. Chokoleti na vanila vinanukia vizuri saa 5 usiku kama vilivyonukia saa 11 jioni.

Macho pia yanadanganywa, na hili wapishi wenzangu hatulisemi vya kutosha. Krimu halisi ya maziwa ikipata joto inalegea na kuteremka, mtu yeyote akaona. Lakini wengi wetu tunatumia krimu ya kupiga iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, kwa sababu ni nafuu na haiangushi umbo. Hiyo inasimama wima kama kilemba, wakati pudini iliyo chini yake imeshakuwa vuguvugu zamani. Mwenye shughuli anatazama meza, anaona kila kitu kimenyooka, anafurahi. Watoto ndio wa kwanza kuiparamia, na bibi zao, na mama wajawazito wanaotamani kitu kitamu usiku ule. Hao ndio mwili wao hauhimili tumbo la kuharisha.

Nimewahi kumwambia mwenyekiti wa kamati moja kwamba vikombe vyangu vitatoka kwenye deli, lile sanduku la kutunzia ubaridi, chakula kikishafunguliwa, si kabla. Akanijibu, "Mama, meza itakaa tupu, watu watasema hatukujipanga." Nikamwambia, "Mwanangu, meza haitakaa tupu. Weka vileja, weka biskuti za nazi, weka visheti, vitu vikavu visivyojua saa. Na nitakupa vikombe vichache vya kupigwa picha, nitavipanga mwenyewe mbele, nitaviondoa mwenyewe." Tukakubaliana, na mpiga picha akapata alichotaka. Vikombe vya picha haviliwi. Ni gharama ndogo, na iandikwe kwenye bajeti kama yanavyoandikwa maua ambayo nayo hayaliwi.

Kwenye bajeti hiyo hiyo iwekwe barafu. Kamati inachangisha fedha za jukwaa, taa na gari la maharusi, lakini ukiomba fedha ya barafu mweka hazina anakutazama kama umeomba dhahabu. Friji ya ukumbi imeshajaa soda na maji, tena inafunguliwa kila dakika, na umeme ukikatika jenereta huwashia muziki kwanza. Madeli mazuri yenye mifuniko inayobana, barafu chini na juu, vikombe vikiwa vimeingia vikiwa baridi tayari, yanatunza ubaridi safari nzima na sherehe nzima mradi yasifunguliwe ovyo. Nina kipimajoto kidogo cha chakula, nakichovya kikombe kimoja cha katikati kabla ya kutoa. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki na hakimshindi mpishi anayelipwa kwa kazi yake.

Sasa nirudi jikoni, kwa sababu usalama unaanzia kwenye sufuria, na kwa kuwa mapishi yenu yalipimwa kwa watu wachache, nitoe vipimo vinavyoweza kuzidishwa. Kwa lita 1 ya maziwa natumia konflawa gramu 60, kokoa gramu 40, sukari gramu 120, chumvi ya kubana kwa vidole, na siagi kijiko kimoja cha chakula mwishoni pamoja na vanila. Kokoa iwe ile chungu isiyo na sukari. Unga wa chokoleti wa kunywa umejaa sukari, utapata pudini tamu iliyopauka. Tena kokoa tunayo: inalimwa Kyela na bonde la Kilombero, na inaniuma kwamba sehemu kubwa ya punje zake huondoka nchini ghafi, halafu tunanunua unga uliorudi kwenye kopo.

Konflawa, kokoa na sukari vichanganywe kwanza vikavu, kisha vikorogwe na maziwa baridi kidogo hadi madonge yaishe, ndipo yaingie maziwa ya moto. Koroga bila kuondoka mpaka ianze kutoa mapovu mazito katikati, si pembeni tu, na uendelee dakika moja au mbili zaidi. Hapa wengi wanaharakisha kwa kuogopa kuunguza. Wanga usipoiva, pudini inakuwa na ladha ya unga. Na kama mapishi yako yana viini vya mayai, kuna sababu nyingine: kiini kibichi kina kimeng'enya kinachovunja wanga, na kisipouliwa kwa moto wa kuchemka, pudini iliyoonekana nzito sufuriani inaamka kesho yake imekuwa uji mwepesi. Mimi kwa shughuli siweki mayai kabisa. Kastadi ya unga tuliyoizoea ilianza hivyo hivyo: mwaka 1837 Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham huko Uingereza, aliitengeneza kwa konflawa kwa sababu mkewe hakuwa akipatana na mayai.

Lita 1 hutosha vikombe 10 hadi 12 kukiwa na matabaka ya biskuti na krimu. Kwa wageni 200 basi unahitaji kama lita 20. Tafadhali zisipikwe kwenye sufuria moja. Sufuria kubwa ya pudini inashikilia joto katikati kwa saa nyingi, na hapo ndipo zile mbegu zisizokufa kwa moto zinapopata nafasi. Napika lita 4 au 5 kwa mara moja, namimina kwenye treya pana, kina kisichozidi vidole vitatu, naziweka juu ya beseni la maji ya barafu, na nafunika kwa plastiki safi inayogusa uso wa pudini ili isifanye utando. Ikishapoa inaingia kwenye friji, nafasi ikiachwa kati ya treya na treya.

Kupanga kunafanyika usiku wa kuamkia shughuli au alfajiri yake. Biskuti za Marie zinataka muda. Zikikaa saa kadhaa kati ya pudini na krimu zinanyonya unyevu na kulainika kama keki, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Biskuti hiyo, kwa wasiojua, ilitengenezwa London mwaka 1874 kwa heshima ya harusi ya mwana wa Malkia Victoria na binti wa mfalme wa Urusi, kwa hiyo kwenye harusi iko nyumbani kwake. Biskuti nyeusi za chokoleti zenye krimu katikati ninazipenda zaidi chini ya kikombe, zikiwa zimepondwa na kuchanganywa na siagi iliyoyeyuka, kama gramu 70 kwa gramu 200 za biskuti. Siagi huzichelewesha kulowa. Za juu nazinyunyizia dakika ya mwisho, vikombe vikitoka kwenye deli, ili mgeni asikie mlio wake mdomoni. Mkono ulioshika simu au fedha usishike biskuti, hata kama glovu imevaliwa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo na mnaliweza. Kila mnapochapa mapishi ya kitamu chenye maziwa, ongezeni mstari mmoja unaosema kikae wapi na kwa muda gani. Kamati za sherehe zinasoma gazeti lenu, wapambaji wanalisoma. MC nao naomba walisome: ratiba ikichelewa, mwambieni mpishi mapema. Mpishi akijua kwamba chakula kimesogezwa hadi saa 5, vikombe vyake havitoki kwenye barafu kabla ya saa 5, na hakuna aliyepoteza chochote.

Kuna la masalia pia. Sherehe ikiisha, akina mama wa pande zote mbili huanza kufunga vilivyobaki ili kupeleka nyumbani kwa watoto waliolala. Nawaheshimu sana kwa moyo huo. Vilivyobaki ndani ya deli, vikiwa bado baridi, wafungashieni, wakifika viingie kwenye friji mara moja na viliwe kesho yake. Vilivyokaa mezani tangu chakula kilipofunguliwa na saa 2 zimepita, hata kama havijaguswa, visiende kwa mtoto yeyote. Mpishi avikusanye na kuvimwaga yeye mwenyewe kabla hajafunga madeli yake.

Wenu,
Mpishi wa shughuli
Ngamiani, Tanga