Barua kwa mwanangu anayekwenda leba ya Mpanda

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikitaja leba tu unasema "sawa mama", unakata.

Habari ya mkunga mwenzenu aliyesimamishwa kazi imeninyima usingizi. Kosa lake silijui. Ninachoogopa ni wewe kupanda basi Jumamosi na woga wake. Zuhura, usiandike mapigo ya mtoto ambayo hukuyasikiliza.

Najua hesabu haitimii. Wakunga wawili, wazazi kumi na mmoja, kila mtoto asikilizwe kila nusu saa, nani ataweza? Basi kunakaribia kukucha patografu, zile karatasi za kufuatilia uchungu, zinajazwa zote kwa mkupuo, nukta zimenyooka kama zimepigwa rula, maana kikao cha kujadili kifo kikikaa, kinachoulizwa kwanza ni karatasi. Na siku hizi tunasifiwa: utafiti wa 2015/16 ulitoa vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wa 2022 ukatoa 104. Nilifurahi, mimi niliyefunika nyuso nyingi. Lakini hakuna mganga mfawidhi anayetaka kuiharibu namba hiyo kituoni kwake. Presha inashuka kwa inchaji, inashuka kwa mkunga, inaishia kwa mama aliyelala kitandani.

Sisi sheria yetu ilikuwa njia ya uzazi ifunguke sentimita moja kwa saa. Asiyefungua anatundikiwa dripu ya uchungu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kipimo hicho peke yake si sababu ya kumharakisha mama. Wewe umeyasoma darasani. Yule mama wa Yombo niliyempiga mapajani ili asukume, wala sikuwa na hasira naye, nilikuwa natazama saa ya ukutani. Karatasi yake niliijaza baadaye, mapigo ya mtoto: 140, 140, 140. Mtoto alilia, alhamdulillah, hakuna aliyeuliza.

Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga mpaka muuza mihogo wa hapa Tandika ameiona, nimeipiga picha. Ila kusoma kote huko hujajua kumwambia mkubwa wako "nimezidiwa". Unanyamaza kama baba yako. Ukizidiwa, andika hivyo hivyo: saa nane usiku, hayakusikilizwa, tulikuwa wawili. Watakufokea. Sikuahidi kwamba watakuelewa. Ila usijaze.

Kijora changu cha zambarau umekichukua, nimeona. Kirudishe. Zamu yangu ya upatu ni tarehe 15, kwa hiyo usinitumie kitu kabla hujalipa kodi ya chumba huko. Mdogo wako anasema atakusindikiza Mbezi; mwamshe mwenyewe, mimi nimechoka naye. Dagaa nimekukaangia, wako kwenye kindoo cheupe. Mfuniko haukazi, usikilaze.

Mama yako