Kaka, yule alikuwa mama anafunga kanga

Kaka yangu, shikamoo.

Simu hupokei, ujumbe unasoma halafu unanyamaza, basi naandika hapa ambapo hata shangazi atasoma.

Unajua ni kile kinyago alichochonga mzee. Siku ya arobaini ya mzee, watu bado wananawa mikono baada ya pilau, ulimpeleka yule mnunuzi uani, ukakisimamisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukamwambia, "Hiki hakina umbo, ni mawingu tu, toa ulicho nacho." Mimi nimesimama na sinia la vikombe. Nikasema huyo ni mama, kajipinda anafunga kanga, na ule ukanda mweupe wa mpingo ambao mzee hakuuondoa ndio pindo. Ukacheka. Ukasema mbele ya mgeni, "Huyu hata ukutani anaona watu."

Ukutani! Nani alinionyesha ngamia kwenye doa la unyevu chumbani kwetu, masika ile paa linavuja? Nani alinishika kidevu akanigeuza uso nimwone sungura mwezini, nami nalia kwamba simwoni, mpaka nikamwona? Tangu usiku ule sijawahi kuutazama mwezi ukawa mtupu. Ulinifundisha mwenyewe, halafu ukanicheka kwa hilo hilo.

Baadaye ukanitumia ile picha ya Mirihi. Chombo cha angani Viking 1 kiliipiga mwaka 1976, watu wakaona uso wa binadamu. Mwaka 2001 chombo kingine kikapiga pale pale kwa kamera kali zaidi, kumbe kilima. Chini yake ukaandika, "Kama kinyago chako." Ulisoma nusu, kaka. Siku ile ya kwanza jua lilikuwa chini, vivuli ndivyo vilivyochora macho na mdomo. Sasa kumbuka mzee alikuwa anachonga saa ngapi. Jua likishapoa, chini ya mwembe, anakizungusha kwenye mwanga, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, anashika tena patasi. Wewe ulikitoa saa saba mchana. Saa saba mchana hata mimi ningeona gogo.

Sisemi mzee alikusudia mama. Ukimuuliza alikuwa anakurudishia, "Wewe umeona nini?" na kila jibu alilikubali. Yule Mzungu aliyeona ndege aliambiwa ndiye huyo huyo, akalipa. Na ile habari ya Samaki Likankoa, yule mchongaji wa Kimakonde, aliipenda kuliko zote: miaka ya 1950 kinyago kikamvunjika mkono akiwa anakichonga, hakukitupa, akaendelea na kilichobaki, likatoka shetani, na wengine wakaufuata mtindo. Mzee akifika hapo anapiga paja, anacheka peke yake. Wewe ulikuwa unaondoka katikati.

Ushauri wangu, ingawa mimi ni mdogo: kitu cha marehemu usikiuze kabla hujakizungusha. Ungesubiri mpaka jioni tu, sikuomba mwaka. Na usianze kusema nilikula hela. Ndiyo, nilipokea sehemu yangu. Ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, na wewe uliniwekea mkononi bila kuniuliza. Ningeirudisha, ungesema najiona. Ya harusi ya mwanao ni mengine. Nilisema miguu imevimba, na kweli ilikuwa imevimba, kidogo. Zawadi nilituma. Bibi harusi alipendeza sana, nimeziangalia picha zote mpaka za jikoni.

Nasikia unakipaka rangi chumba chetu upangishe. Sawa, nyumba nayo inataka kula. Wala sibishi kuhusu ngamia, najua ni maji yalipita. Ila kabla fundi hajaanza, upige picha ule ukuta wa upande wa kitanda changu, unitumie. Piga jioni, dirisha likiwa wazi.