Wapopulisti wa 1892 hawakudai ushuru

Mhariri,

Wachambuzi wa habari za kimataifa humwita Donald Trump mpopulisti, yaani mwanasiasa anayejitangaza mtetezi wa wananchi wa kawaida dhidi ya wakubwa, na wengine huongeza kwamba anafuata nyayo za wakulima wa Marekani walioanzisha Chama cha Watu mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaitwa wapopulisti. La kwanza linajadilika. La pili halisimami ukisoma walichokidai wakulima wale.

Kilichowaumiza kilikuwa mkopo. Mkulima wa pamba wa Kusini alichukua mbegu, unga na nguo dukani kwa kuweka rehani zao ambalo hata halijaota. Bei ya kukopa ilizidi bei ya taslimu, na riba ikaja juu yake. Msimu wa mavuno wote waliuza kwa mpigo, bei ikaanguka, deni likavuka mwaka. Na kwa kuwa zao lilikuwa tayari limeshikwa na mwenye duka yule, hakuna mwingine aliyekubali kumkopesha. Kufikia 1894 pamba ilikuwa chini ya senti 6 kwa ratili. Deni halikupungua hata senti.

Dawa yao iliandikwa kwa hesabu. Mwaka 1889 Charles Macune wa Farmers' Alliance, umoja wa wakulima uliotangulia chama hicho, alipendekeza maghala ya serikali katika kila wilaya inayouza mazao ya zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka. Mkulima aweke pamba au ngano, apewe stakabadhi pamoja na mkopo wa asilimia 80 ya thamani ya zao kwa riba ya asilimia 1, kisha awe na mwaka mzima wa kusubiri bei nzuri. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, wanaouza kwa stakabadhi ghalani, watautambua mpango huu mara moja. Tofauti kubwa ni kwamba Macune alitaka serikali yenyewe ikopeshe, tena kwa noti mpya, bila kupitia benki. Bunge la Marekani halikuupitisha.

Ilani ya Omaha, ambayo Chama cha Watu kilipitisha katika mkutano wake wa Julai 1892 mjini Omaha, ilidai pia kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, reli ziwe mali ya umma, na benki za akiba za posta. Utangulizi wake, ulioandikwa na Ignatius Donnelly, unayaita malumbano ya vyama vikubwa kuhusu ushuru wa forodha vita bandia vya kuzima kilio cha wananchi. Trump ameufanya ushuru huohuo nguzo ya uchumi wake, na amewahi kusema unaweza kuchukua nafasi ya kodi ya mapato. Shujaa wake ni William McKinley, rais wa zamani aliyepigania ushuru, ambaye Januari 2025 Trump alimrudishia jina la mlima wa Alaska. McKinley ndiye aliyembwaga mgombea wa wapopulisti, William Jennings Bryan, mwaka 1896!

Kufanana kupo, na si kwa kujivunia. Mkutano wa Omaha ulipitisha azimio dhidi ya wahamiaji. Tom Watson wa Georgia, kiongozi wa wapopulisti aliyewahimiza wakulima weusi na weupe waungane, baadaye aligeuka mbaguzi mkali. Kwenye riba pia kuna mguso: katika kampeni za 2024 Trump aliahidi kikomo cha asilimia 10 kwa kadi za mikopo. Lakini aliye karibu zaidi na Omaha ni Seneta Bernie Sanders, ambaye mwaka 2019, pamoja na mbunge Alexandria Ocasio-Cortez, alipendekeza kikomo cha riba cha asilimia 15 na huduma za benki katika posta.

Tofauti nzito zaidi, kwa maoni yetu, ni namna ya kujipanga. Alliance ilituma wahadhiri vijijini kuwafundisha wakulima mambo ya fedha na mikopo, ikaanzisha ushirika wa kununua na kuuza, na chama kikazaliwa humo. Siku hizi anatangulia mgombea, wafuasi wanakuja baadaye. Mwaka 1896 Chama cha Watu nacho kilijikabidhi kwa mtu mmoja: kilimpitisha Bryan, ambaye tayari alikuwa mgombea wa Democratic, na kampeni ikabeba dai la sarafu za madini ya fedha, uzito 16 wa fedha uhesabiwe sawa na uzito 1 wa dhahabu. Maghala yakasahaulika. Bryan aliposhindwa, mkulima wa pamba alibaki bila chama na bila mkopo, akarudi kwa mwenye duka yuleyule.

Wasomaji wako,
Dar es Salaam